Vijana wanaojidhuru: Jeraha la utotoni na ukimya wa nyumbani

KATIKA jiji kama Dar es Salaam, mwezi Februari, joto linapopanda kiasi cha watu kulala madirisha wazi, binti wa miaka 19 anayeshinda amevaa sweta la mikono mirefu huulizwa mara moja au mbili, kisha watu humzoea. Shangazi atasema ni mitindo ya vijana wa siku hizi. Mama atasema mwanawe anaogopa mbu. Mara nyingi huwa ni hivyo kweli. Zipo nyumba, hata hivyo, ambamo sweta hilo linaficha makovu ambayo binti huyo amejitia kwa mkono wake mwenyewe, kwa siri, pengine tangu alipokuwa kidato cha kwanza.

Wataalamu wa afya ya akili hulieleza jambo hilo kuwa ni kujidhuru bila nia ya kufa: mtu anauumiza mwili wake kwa makusudi, lakini hakusudii kuutoa uhai wake. Si jambo la mabinti peke yao. Wavulana nao hujiumiza, ila matendo yao huchukuliwa kwa urahisi zaidi kuwa ni hasira au ukorofi, nao huishia kuadhibiwa mahali ambapo dada zao wangeonewa huruma.

Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali ulioongozwa na Sarah Swannell wa Australia na kuchapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa asilimia 17.2 ya vijana walio katika umri wa kubalehe wamewahi kujidhuru angalau mara moja. Kwa vijana waliokwishaingia utu uzima kiwango kilikuwa asilimia 13.4, na kwa watu wazima asilimia 5.5. Tafiti nyingi za aina hiyo zimefanyika katika nchi tajiri, hivyo takwimu hizo zisichukuliwe kuwa hesabu ya Tandika au Eastleigh. Zinachoonyesha ni kwamba tabia hii huanza mapema, kwa kawaida kati ya miaka 12 na 14, yaani wakati mtoto bado yuko mikononi mwa wazazi na walimu.

Kwa nini mtu ajiumize?

Hilo ndilo swali la kwanza la mzazi anayegundua siri hiyo, na majibu anayopewa na majirani hayamsaidii. Wapo watakaosema ni mapepo, wapo watakaosema ni kuiga mambo ya intaneti, na wapo watakaosema mtoto anatafuta kuonewa huruma.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, Matthew Nock na Mitchell Prinstein, walichapisha utafiti juu ya vijana waliolazwa kwa matatizo ya akili, wakiwauliza wenyewe sababu za kujidhuru. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa kutuliza hisia nzito zilizowazidi nguvu. Wengine walieleza kinyume chake: kwamba ndani yao walikuwa wamekufa ganzi, wakataka kuhisi chochote, hata kama ni maumivu. Kuwavuta watu wengine au kuwakwepa, jambo ambalo jamii hulidhania kuwa ndiyo sababu kuu, lilitajwa kwa uchache zaidi. Na hata pale kijana anapojiumiza ili aonekane, bado linabaki swali la kwa nini maneno ya kawaida hayakumtosha.

Nafuu inayopatikana ni fupi. Baada yake huja aibu, na aibu hiyo inakuwa mzigo mpya juu ya ule wa awali, hadi kijana anajikuta ndani ya mzunguko asioweza kuutoka peke yake. Ndiyo maana amri ya "acha mara moja" haifanyi kazi: inamwondolea njia pekee aliyoizoea ya kujituliza bila kumpa nyingine.

Tofauti kati ya kujidhuru na kujiua ni ya kweli, lakini isimpe mtu usingizi wa bure. Kijana anayejidhuru mara kwa mara yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua siku za mbele kuliko mwenzake asiyefanya hivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu wapatao 727,000 walijiua duniani mwaka 2021, na kwamba kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 29.

Utoto unavyoandikwa mwilini

Mwaka 1985 daktari wa San Diego, Marekani, Vincent Felitti, alikuwa akisimamia kliniki ya kupunguza unene. Alishangazwa na jambo moja: baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakiendelea vizuri kabisa ndio walioacha matibabu. Alipowahoji aligundua kuwa wengi wao walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono wakiwa watoto. Unene, kwa baadhi yao, ulikuwa ngao. Daktari alikuwa akitibu kitu ambacho mgonjwa alikiona kuwa ni dawa.

Kutokana na ugunduzi huo, Felitti akishirikiana na Robert Anda wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) walifanya utafiti kati ya mwaka 1995 na 1997 uliohusisha watu wazima zaidi ya 17,000. Waliulizwa kama utotoni walipigwa, walitukanwa na kudhalilishwa, walifanyiwa ukatili wa kingono, walishuhudia mama akipigwa, au waliishi na mlevi, mgonjwa wa akili au mtu aliyefungwa jela. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1998. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa wamepitia angalau jambo moja kati ya hayo. Waliopitia manne au zaidi walikuwa na uwezekano wa mara 4 hadi 12 zaidi wa kukumbwa na ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona au kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao hawakupitia lolote.

Inafaa ikumbukwe kuwa wengi wa watu hao hawakuwa maskini. Walikuwa watu wenye bima ya afya, wengi wao wakiwa na elimu nzuri. Ukatili ndani ya nyumba haukujali geti wala zulia.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri zaidi sasa. Mtoto anapotishwa, ubongo huagiza tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni za kumwandaa kukimbia au kupambana, mojawapo ikiwa ni kotisoli. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini mtoto asiyejua baba atarudi na sura gani usiku wa leo hana wakati wa kutulia. Mfumo huo wa tahadhari hukaa umewashwa mwezi baada ya mwezi, na sehemu ya ubongo inayotambua hatari, amigdala, huzoea kushtuka kwa jambo dogo. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia mtu kujizuia na kupima mambo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 aliyekulia katika hofu anaweza kuwa na mshtuko wa haraka na breki dhaifu kwa wakati mmoja. Sauti ya mlango kubamizwa hosteli inatosha kumrudisha kwenye chumba alichokimbia miaka 12 iliyopita.

Hata hivyo, hesabu ya Felitti na Anda si ramli. Mwaka 2020 Anda mwenyewe na wenzake walitahadharisha kuwa alama hizo hupima hali ya kundi kubwa la watu, wala hazifai kutumiwa kumtabiria mtu mmoja mmoja. Wapo waliopitia mengi wakakua salama, na wapo wanaojidhuru ambao hawakuwahi kupigwa wala kuguswa vibaya.

Takwimu za hapa kwetu

Tanzania iliwahi kuyatazama mambo haya mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa Tanzania Bara, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana mmoja kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili. Waliotajwa sana kuwa watendaji wa ukatili huo wa kimwili ni ndugu na walimu.

Nchini Kenya, utafiti wa namna hiyo wa mwaka 2010 ulionyesha ukatili wa kingono kwa asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana. Uliporudiwa mwaka 2019 viwango hivyo vilikuwa vimeshuka hadi karibu nusu kwa wasichana, na zaidi ya nusu kwa wavulana. Ni habari njema, na ni ushahidi kuwa mambo haya si ya kuumbwa nayo.

Kuna tarakimu nyingine katika utafiti wa Tanzania ambayo haikuzungumzwa sana. Kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, takriban nusu tu ndio waliomweleza mtu yeyote. Kwa wavulana ilikuwa takriban theluthi moja. Waliotafuta huduma walikuwa wachache zaidi, na waliozipata wachache kuliko hao.

Sababu za ukimya huo hazihitaji utafiti mkubwa kwa anayezijua familia za mijini. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Ni adhabu inayostahili, lakini mtuhumiwa anapokuwa mjomba anayelipa ada ya shule na kodi ya nyumba, ukali huo huo huwafanya wakubwa waketi kikao na kuamua kuwa kesi imalizwe nyumbani. Mtuhumiwa anahamishiwa mkoani, au mtoto anapelekwa shule ya bweni. Mtoto anaambiwa asahau. Kinachobaki kichwani mwake ni kwamba kilichompata ni kidogo kuliko heshima ya ukoo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mwaka 1991 watafiti watatu wa Marekani, Bessel van der Kolk, Christopher Perry na Judith Herman, walichapisha utafiti uliofuatilia watu 74 kwa wastani wa miaka 4. Waligundua kuwa kiwewe cha utotoni kilichangia kuanza kwa tabia ya kujidhuru, lakini kilichosaidia kuiendeleza ni kukosa mtu wa karibu wa kutegemea. Kwa maneno mengine, tendo la ukatili huanzisha jeraha. Upweke unaofuata hulizuia lisipone. Tendo lililokwisha kutendeka halifutiki. Upweke, kwa upande wake, unaweza kuondolewa hata baada ya miaka mingi.

Aliyelazwa akiwa na miaka 17

Mwaka 1961 msichana wa miaka 17 kutoka Tulsa, Oklahoma, alilazwa katika taasisi ya magonjwa ya akili mjini Hartford, Marekani. Alikuwa akijidhuru vibaya kiasi kwamba alitengwa kwenye chumba cha peke yake. Alikaa humo zaidi ya miaka miwili, akapewa dawa nyingi na tiba ya shoti ya umeme, bila nafuu ya maana. Jina lake Marsha Linehan. Baadaye alikuwa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na ndiye aliyebuni tiba ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi kwa watu wanaojidhuru mara kwa mara. Matokeo ya jaribio lake la kwanza yalichapishwa mwaka 1991. Historia yake mwenyewe aliificha hadi mwaka 2011, alipoitangaza katika taasisi ile ile alimolazwa.

Nadharia ya Linehan ni kwamba wapo watu wanaozaliwa na hisia kali kuliko wengine, na mtu wa namna hiyo akilelewa mahali ambapo hisia zake zinakanushwa kila siku, hajifunzi kamwe kuzitawala. Haihitaji fimbo. Mtoto anayelia akaambiwa "nyamaza, hujapigwa", au mvulana anayeambiwa kila mara kuwa mwanamume halii, anafundishwa kutoamini anachokihisi. Tiba yake humfundisha mgonjwa, hatua kwa hatua, kuitambua hisia inapoanza, kuistahimili bila kujiumiza, na kuomba msaada kwa maneno. Mtaalamu humkubali mgonjwa alivyo na papo hapo kumtaka abadilike, jambo ambalo wazazi wengi watakubali kuwa ni gumu hata kwa mtoto asiye mgonjwa.

Habari nyingine ya kutia moyo ilitoka jimbo la Victoria, Australia. Utafiti uliowafuatilia vijana wapatao 1,900 tangu mwaka 1992, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa 9 kati ya kila 10 waliojidhuru katika ujana wao hawakuripoti tabia hiyo tena walipokuwa watu wazima. Ila waliokuwa na sonona na wasiwasi uliopitiliza walihitaji kuangaliwa zaidi, kwa kuwa makovu yanaweza kuacha kuongezeka huku ugonjwa wenyewe ukibaki.

Msaada usiosubiri bingwa

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na mabingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno kwa idadi hiyo. Kumwambia kila mzazi ampeleke mwanawe kwa bingwa ni kumpa ushauri usiotekelezeka. Ndiyo sababu majaribio ya miaka ya karibuni yanayotumia watu wa kawaida waliopewa mafunzo yana umuhimu wa pekee.

Moja lilifanyika Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, likiwahusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi na kubaki na kiwewe. Washauri wao hawakuwa wataalamu wa afya ya akili; walifundishwa, wakasimamiwa, wakaendesha vikao 12 vya vikundi, na walezi wa watoto hao nao wakahudhuria vyao. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, baada ya mwaka mmoja watoto wa Bungoma waliopata tiba hiyo walikuwa wamepona zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida. Moshi makundi yote mawili yalipata nafuu inayolingana, jambo linaloonyesha kuwa mazingira ya mtoto yana mchango wake, hata pasipo tiba rasmi.

Kenya ilitoa pia jaribio la Shamiri, lililochapishwa mwaka 2021, ambapo vijana waliomaliza sekondari waliwaongoza wanafunzi 413 katika vikao vifupi vya wiki chache. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua. Nako Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14 waliokaa kwenye mabenchi nje ya zahanati wakiwasikiliza wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mpango huo ulipimwa na kuthibitika mwaka 2016, na umekwishavuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar. Bibi anayesikiliza si kitu kigeni pwani. Kigeni ni kumfundisha na kumpa nafasi ndani ya mfumo wa afya.

Sheria nayo imekuwa kikwazo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kujidhuru bila nia ya kufa hakumo katika kifungu hicho, lakini mama aliyeshika mkono wa mwanawe usiku wa manane hawezi kutarajiwa kuijua tofauti hiyo, naye huchelea fomu ya polisi, PF3, kuliko kidonda. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili.

Kwa mzazi, mlezi au rafiki anayegundua leo, jambo la kwanza ni kidonda: kitibiwe kama kidonda kingine chochote, bila kelele na bila kuitisha kikao cha ukoo. Jambo la pili ni kuuliza kwa upole na kusubiri jibu, hata likichelewa siku tatu. Swali la moja kwa moja, kwamba je, unafikiria kufa, halimpandikizii mtu wazo hilo. Tafiti zimekanusha hofu hiyo, na mara nyingi anayeulizwa hupata ahueni. Kumwapisha kijana kwa Biblia au Msahafu kwamba hatarudia humwongezea tu sababu ya kuficha atakaporudia. Vitu ambavyo anaweza kujidhuru navyo viondolewe karibu naye. Akijibu kuwa anataka kufa, asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa Tanzania, hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, zikiwamo Amana, Temeke na Mwananyamala jijini Dar es Salaam; juu yake zipo Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, na kwa Zanzibar, Kidongo Chekundu. Kwa Nairobi ipo Mathari na kwa Mombasa Port Reitz. Kama nyuma ya makovu kuna ukatili, vituo vya Mkono kwa Mkono hutoa tiba, ushauri nasaha na msaada wa polisi mahali pamoja, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vingi vya polisi. Simu ya watoto, namba 116, hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya, na mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto anaweza kuipiga pia.